Nguvu na Breki Yake

Katika ua wa gereji moja ya Kamembe, Rwanda, gari dogo limekaa juu ya mawe manne, bonneti wazi, magurudumu yameegemezwa ukutani. Kando yake, juu ya gunia, kuna turbo iliyong'olewa kwenye gari jingine. Chuma chake kimegeuka rangi kwa moto wa miaka mingi. Ukiigusa feni yake kwa ncha ya kidole inazunguka, na katika kuzunguka inacheza kidogo, labda unene wa karatasi mbili tatu. Mwenye gari anatazama inavyozunguka. Fundi anatazama inavyocheza. Kitu ni kimoja, na kila mmoja ameona chake.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya injini ya kawaida. Magari ya jina hili yalianza kuuzwa mwaka 1992, na tangu mwanzo kiwanda kiliyatengeneza kwa ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile zilizouzwa Ulaya, zenye usukani kushoto kama Rwanda inavyotaka, zilipangwa hivi: ya lita 1.6 ilikuwa na nguvu za farasi 95. Ya lita 2 isiyo na turbo, 125. WRX yenye turbo, 218. Na juu ya zote STI, 265. Ukizitazama kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja. Milango inafanana, dashibodi inafanana. Ndiyo maana aliye na ile ya 125 humwangalia mwenye 265 akajiambia: tofauti yetu ni vitu vichache vilivyofungwa kwa bolti, na kilichofungwa kwa bolti hata mimi nitakifunga.

Hesabu yake si ya kijinga. STI ni ghali huko inakotoka, na kwa kuwa ushuru wa forodha hukokotolewa kwa thamani ya gari, la bei kubwa humtoza mnunuzi mara mbili: kwa muuzaji, kisha mpakani. Turbo kuukuu ina bei ambayo mtu anaweza kuitaja nyumbani bila kuinamisha macho. Mwezi huu turbo. Mwezi ujao bomba la moshi. Mzigo ukivuka salama kwenda Bukavu, upande wa Kongo, rimu na matairi. Kila kipande ni kidogo, na kidogo hakigombani na mtu. Mfuko unaomkimbia tembo hulisha siafu usiku kucha.

Tena kilio chake kina haki. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1460 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kamembe umekaa juu ya ziwa. Hapa hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa karibu sehemu moja ya saba. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa kifua chake tu, kwa hiyo nayo hupungukiwa kwa kiasi kama hicho. Ukishika barabara ya Huye ukapanda msitu wa Nyungwe hadi kupita mita 2400, upungufu unafika sehemu moja ya tano. Farasi 125 walioandikwa kwenye karatasi, juu kule ni kama 100. Turbo hukandamiza hewa na kurudisha kilichopotea. Anayesema gari lake limechoka milimani anasema kweli. Tuanze hapo basi: haja ipo, na kumcheka mwenye haja si hekima.

Lakini haja ya kweli haitoi ruhusa ya jibu lolote. Nguvu ina tabia moja isiyobadilika: haikai mahali ulipoiweka. Ukiiweka kwenye injini, itateremka kwenye klachi. Ikiikuta klachi imara, itaingia kwenye giaboksi. Ikipita giaboksi, itaangukia ekseli, matairi, na mwisho itamfika aliyekaa nyuma ya usukani, nako ndiko mara nyingi inakokuta kilicho dhaifu kuliko vyote.

Tuifuate hatua kwa hatua. Injini ya lita 2 isiyo na turbo iliundwa ikandamize mchanganyiko wake wa hewa na petroli takriban mara 10. Ile ya turbo, ya ukubwa uleule, iliundwa ikandamize mara 8 tu. Mtu anaweza kudhani mwenye 10 ndiye mwenye nguvu. Sivyo. Aliyeunda ile ya turbo aliacha nafasi makusudi, kwa kuwa alijua hewa itafika ikiwa imeshakandamizwa. Ukichukua injini ya 10 ukaitia hewa ya turbo, umemlisha mtu aliyekwisha kushiba. Joto hupanda, petroli huwaka kabla ya wakati wake, na fundi mwenye sikio husikia ndani mlio kama kokoto zinazotikiswa kwenye debe. Mlio huo ni wa pistoni zinazopigwa nyundo. Wenye gari wengi hawausikii, kwa sababu bomba la moshi walilolinunua mwezi uliopita linapiga kelele kuliko kokoto.

Na petroli nayo inadai. Magari haya ya turbo yanapokwenda kwa nguvu zao zote huko Japani hunywa petroli ya daraja la juu, yenye oktani 100. Pampu ya kawaida ya huku kwetu haina hiyo. Kwa hiyo hata chakula cha mnyama huyu hakipo sokoni, na mwenye kumfuga hulazimika kumpunguzia mbio au kumpunguzia maisha.

Baada ya injini inakuja zamu ya viungo vingine. Klachi ya farasi 125 inateleza chini ya mzigo wa 200, inanuka, inabadilishwa. Giaboksi ya zamani inang'oka meno, inatafutwa nyingine. Radieta inachemka, inatafutwa kubwa. Mwenye gari analalamika kwamba kila akiponya hiki kinaumwa kile, akadhani ana mkosi. Mkosi haupo. Viungo vile vyote vilikuwa vizima siku aliponunua turbo. Yeye ndiye aliyevifanya kuwa vidogo. Ukikuza mwanachama mmoja wa kundi, umewadhoofisha wenzake bila kuwagusa.

Kikubwa kuliko vyote kiko chini, kwenye magurudumu. Nishati ya gari linalokwenda haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara moja na nusu, nishati huongezeka mara mbili na robo. Gari la kilomita 120 kwa saa si zaidi kidogo ya lile la 80. Limebeba mzigo wa zaidi ya magari mawili kama hilo, na mzigo wote huo, unapotaka kusimama, unageuka joto kwenye diski nne za breki. Barabara ya kutoka Kamembe kwenda Bugarama inateremka zaidi ya mita 500 hadi bonde la mpunga, kona juu ya kona, malori ya saruji yanapanda. Hapo ndipo diski ndogo huanza kuwa za bluu. Mafuta ya breki yaliyozeeka huchemka, yanafanya mapovu, na kanyagio lililokuwa gumu kama ubao linageuka ghafla kuwa laini kama embe lililoiva. Dereva analikanyaga mpaka chini, gari linaendelea. Turbo haikuharibika. Injini haikuharibika. Kila alichokinunua kinafanya kazi vizuri. Kilichomwangusha ni kile ambacho hakukinunua.

Sasa tuirudie STI na bei yake tuliyoiogopa. Ndani ya bei hiyo mlikuwa na nini? Mlikuwa na giaboksi ya gia 6, wakati WRX ya ngazi ya chini yake ilikuwa na 5, na giaboksi hiyo iliundwa ibebe mzigo mzito zaidi. Mlikuwa na breki za Brembo, za diski kubwa. Mlikuwa na injini iliyoimarishwa tumboni, shokapu ngumu, na intakula ya kupoza hewa iliyopimwa na walioipima turbo. Kwa maneno mengine, kiwanda kiliuza uwezo wa kusimama, kikatangaza uwezo wa kukimbia, maana matangazo hufuata macho ya wanunuzi. Tofauti ya bei ilikuwa ya ulingano. Na ulingano ni kitu kigumu kununua kwa rejareja, kwa kuwa hauko ndani ya kipande chochote. Uko kati ya vipande.

Watu wa hapa tuna mfano wake mlangoni. Mto Rusizi hutoka Kivu na kuteremka kwenda Tanganyika, na umekuwa ukiteremka hivyo kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa. Nguvu zake hazikuongezwa na mtu. Kilichoongezwa ni ukuta. Bwawa la Rusizi ya Pili lilipoanza kazi mwaka 1989, likahudumia Rwanda, Burundi na Kongo, maji hayakuwa mengi kuliko ya jana. Yalizuiwa kwanza, yakaachiwa kwa kipimo, na taa zikawaka. Mto usio na ukuta una kelele nyingi na hauwashi hata balbu moja. Anayetaka nguvu na aanze kwa kuuliza ukuta wake uko wapi.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu hununua turbo kabla ya breki? Si ujinga peke yake. Kuna aibu na kuna sifa. Turbo inasikika ikipuliza, majirani wanageuka. Bomba la moshi linanguruma, watoto wanashangilia. Pedi mpya za breki hazina sauti, na kama zina sauti basi zimefungwa vibaya. Hakuna aliyewahi kusifiwa barazani kwa sababu jana alisimama vizuri. Binadamu hulipia kinachoonekana kwa furaha, na kinachomwokoa kwa kunung'unika.

Kuna na kumbukumbu zinazotuhadaa. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaishinda kwa gari la jina hilohilo. Tangu hapo Impreza imekuwa na heshima Afrika Mashariki ambayo magari mengi ya bei yake hayana, na kwenye mashindano ya Mountain Gorilla ya Rwanda jina hilo bado linageuza shingo za watazamaji. Lakini tuliosimama kando ya njia tuliona vumbi tu. Hatukuhesabu mafundi waliokuwa wakingoja mbele, malori ya spea, wala helikopta iliyotangulia juu kuonya njia ina nini. Gari lile halikuwa moja. Lilikuwa kijiji kizima kilichokunjwa ndani ya gari moja. Anayeiga mshindi huiga mwendo wake na kusahau msafara wake.

Hata hivyo, mizani ina pande mbili, na upande wa pili nao haujasafishika. Mwenye kununua STI iliyokamilika anaweza kuwa ameruka shimo moja na kutumbukia jingine. Kwanza, huku kwetu magari mengi ya aina hiyo ni mtumba. Hakuna ajuaye nani aliliendesha gari na alilikanyagaje. Gari la mbio halinunuliwi na mtu mpole, na mtu asiye mpole haliuzi likiwa bado linampendeza. Pili, spea zake ni za bei yake. Aliyejikamua kulinunua anaweza kukosa pesa ya kulilisha, akaanza kulitilia vifaa vya bandia kimoja kimoja, mpaka siku moja gari zima la juu likawa gari la chini lenye beji ya juu. Tatu, alichopewa tayari hakijui. Aliyejenga polepole ameonja kila hatua. Anajua 150 ikoje na 180 ikoje. Aliyeruka kutoka 95 hadi 265 kwa siku moja amepewa panga na mtu asiyemfundisha kulima.

Na wote wawili, wa kuunda na wa kununua, wanakutana kwenye barabara ileile. Rwanda mwendo wa juu barabarani kwa kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na kamera za polisi, ambazo watu wamezipa jina la Sofia, hazitofautishi farasi 125 na 265. Kaulimbiu ya usalama barabarani iliyoenezwa na polisi tangu 2019 ni Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani. Haisemi fika mapema. Kwa barabara hiyo, sehemu kubwa ya nguvu anayoitafuta mtu itakaa imelala, na nguvu iliyolala haikosi gharama: inakula petroli, inakula matairi, na kila siku inamnong'oneza mwenyewe kwamba leo njia iko wazi.

Tuvuke daraja kidogo, Bukavu, tuone namna nyingine ya jambo hili. Kongo nayo huendesha upande wa kulia, lakini mitaa yake imejaa magari ya mtumba kutoka Japani yenye usukani kulia. Yaliingia kwa sababu yalikuwa rahisi. Rwanda iliyafungia mlango tangu katikati ya miaka ya 2000. Dereva wa gari kama hilo akitaka kulipita lori, hana budi kutoa karibu gari zima nje ndipo jicho lake lione mbele, au amtegemee aliyekaa kando yake amwambie pita. Unafuu aliupata mara moja, siku ya kununua. Deni analilipa kila anapopita lori. Gharama ya rahisi haifutwi na wakati. Inagawanywa tu kwa siku.

Je, basi kuunda ni kosa? Hapana. Yuko mtu anayeliunda gari lake na akastahili heshima. Ukimkuta, utamjua kwa mpangilio wake. Alianza na matairi. Akaja kwenye breki, akabadilisha na mafuta yake. Akafuata shokapu na upoozaji wa injini. Nguvu aliiweka mwisho, kidogo, na akaacha nafasi. Pesa aliyotumia anaijua kwa jumla, kwa kuwa aliiandika. Yeye hakuunda ili kuokoa pesa, na hadai kwamba aliokoa. Alitaka kujua, na kujua kuna bei yake kama shule. Mtu huyu hata gari likimshinda, mikono yake imebaki na kitu. Mafundi wengi wazuri wa mji huu walianza kwa kuharibu kitu chao wenyewe.

Kosa liko mahali pamoja: kuunda kwa ajili ya kuokoa. Jumla ya vipande, ukihesabu klachi iliyoungua, giaboksi iliyong'oka na wiki ambazo gari limekaa juu ya mawe, huifikia bei ya zima mara nyingi, na huipita mara nyingine, na siku ya kuuza mnunuzi hakulipi kazi yako. Anaona gari lililofunguliwa, anapunguza bei. Ulilipa kwa kila bolti, yeye anakukata kwa kila bolti.

Sheria hii haikuzaliwa gereji. Mwenye nyumba ya udongo aliyeongeza ghorofa juu ya msingi wa chini aliona uzuri kwa msimu mmoja wa kiangazi. Mfanyabiashara wa mpakani aliyeongeza mzigo bila kuongeza mtu wa kuhesabu aligundua kwamba wizi hukua sambamba na stoo. Kijana aliyepewa cheo kabla ya subira alikuwa na mamlaka, na mamlaka hayakuwa na breki. Kila mahali swali ni lilelile: kilichoongezwa kimeletwa pamoja na kinachokibeba na kinachokizuia, au kimekuja peke yake?

Kwa hiyo anayesimama kati ya njia mbili, kuunda au kununua, ajiulize mambo matatu, kwa mpangilio huu. Ninapungukiwa nini hasa, nguvu au sifa? Ikiwa ni sifa, hakuna injini inayoitosha. Ikiwa ni nguvu, ninaihitaji nzima au kidogo? Ikiwa nzima, bora asubiri miaka miwili akusanye, anunue kilicholinganishwa na wenye kujua, kwa kuwa subira ndiyo bei iliyobaki baada ya kodi zote. Ikiwa kidogo, aunde, lakini aanzie chini. Na la tatu: gari nililo nalo sasa, je, limepewa haki yake? Wengi wanaolia kwamba gari halivuti wana kichujio cha hewa kilichoziba, plagi zilizochakaa na matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Kabla ya kumwita ng'ombe dhaifu, mpe majani.

Jioni, yule fundi wa Kamembe huizungusha turbo mara ya mwisho, huirudisha juu ya gunia, na kumwuliza mwenye gari swali moja kabla ya kushika spana: breki umebadilisha lini? Ikiwa jibu halipo, kazi inaanzia hapo. Nawe msomaji, kwa gari lako au kwa jambo lako lolote, anzia hapo.